Upande wa Kulia wa Tobia

Jumamosi hiyo, saa nne kasoro asubuhi, Nyamizi alikuwa anashona kola ya sare ya shule aliposikia mashine ya kunyolea ikidondoka sakafuni ng'ambo ya pili. Hakushtuka. Vitu hudondoka. Kibanda chake cha cherehani kilitazamana na saluni ya mumewe pale Isevya mjini Tabora, hatua kumi na tano tu, na kwa miaka minne ya ndoa yao alikuwa amezizoea sauti zote za upande ule: redio, mashine, kiti kinachonesa, na zaidi ya vyote mdomo wa Tobia. Tobia Nijimbere alikuwa kinyozi ambaye watu walimfuata kwa maneno yake kama walivyomfuata kwa mkono wake. Kilichomfanya Nyamizi ainue kichwa ni kwamba mashine ilikuwa bado inanguruma pale chini, hakuna aliyeiokota, na ule mdomo ulikuwa umenyamaza.

Aliacha kitambaa kikining'inia kwenye sindano, akavuka barabara.

Kwenye kiti alikaa mwalimu Lugembe, anayefundisha historia sekondari, kanyolewa upande mmoja wa kichwa. Alikuwa anamsimulia Tobia habari za wapagazi wa misafara ya zamani, kama kawaida yake kila anaponyolewa, na alikuwa amekatishwa katikati. Nyuma yake Tobia alisimama ameshikilia mgongo wa kiti kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa umelegea ubavuni, naye alikuwa anautazama kama kitu alichokiokota njiani asijue ni cha nani.

"Tobia, vipi?"

Akageuka. Hapo ndipo Nyamizi alipouona uso. Upande wa kulia ulikuwa umeporomoka. Jicho limelegea, kona ya mdomo imeshuka, na mate membamba yanatiririka kidevuni. Upande wa kushoto bado ulikuwa Tobia mzima, na upande huo ulikuwa unaogopa.

"Mba... la... lile," Tobia alisema. Akajaribu tena. "Lile. Lile lile."

Kisha goti la kulia likakunjika. Mwalimu Lugembe aliruka kutoka kitini na shuka la kunyolea bado shingoni, wakamdaka wote wawili, wakamlaza sakafuni juu ya nywele za wateja wa asubuhi.

Watu walijaa mlangoni kabla Nyamizi hajajua la kufanya. Mmoja alisema ni sukari imeshuka, apewe soda. Mwingine akasema hiyo si ya hospitali, kijana mzima haanguki hivihivi, kuna mtu kamtupia kitu. Bora apelekwe kwao Ulyankulu haraka kwa anayejua mambo hayo, maana hospitali wakimdunga sindano ndiyo basi tena. Mama mmoja alishapiga magoti na kikombe cha maji, na Nyamizi akakipokea akitaka kumnywesha.

"Asipewe maji!" Mwalimu Lugembe alipaza sauti ile ya darasani. "Yatamwingia kwenye mapafu. Mlazeni ubavu. Mke wake, nisikilize mimi, usiwasikilize hawa. Ilikuwa saa tatu na dakika hamsini. Nilikuwa nimetoka kutazama simu." Akachomoa kalamu mfukoni, akamshika Nyamizi mkono na kuandika zile tarakimu kwenye kiganja chake. "Daktari atakuuliza hili kabla ya lolote. Kaka yangu tulimlaza nyumbani siku nzima tukisubiri apate nafuu. Usirudie ujinga wetu."

Bajaji ilipatikana. Mwalimu alipanda nao hivyo hivyo, na kichwa chake nusu kwa nusu, akamshikilia Tobia kichwa njia nzima mpaka hospitali ya Kitete.

Daktari wa zamu katika hospitali ya mkoa alikuwa mwanamke kijana mwenye macho ya usingizi na mikono ya haraka. Kweli aliuliza saa kabla ya jina. Nyamizi akamwonyesha kiganja. Tarakimu zilishaanza kuyeyuka kwa jasho, lakini zilisomeka.

"Ana presha?"

"Hapana, daktari. Ni kijana."

"Amewahi kupimwa?"

Nyamizi alitikisa kichwa. Tobia alikuwa analalamika kichwa tangu mvua zilipoisha. Alisema ni jua, mara kusimama kutwa, mara moshi wa jenereta la jirani. Alikuwa anameza vidonge vya maumivu vya dukani kama karanga. Nani angempeleka mwanamume wa miaka thelathini na tatu kupimwa presha, mtu anayebeba gunia la mahindi begani huku anapiga soga?

Mashine ya presha ilipomaliza kubana mkono wa Tobia, muuguzi aliitazama, akaipima tena kwenye mkono wa pili, halafu akamwita daktari kwa jicho. Mia mbili ishirini kwa mia na thelathini. Wakampeleka kupigwa picha ya kichwa. Nyamizi akabaki kwenye benchi, kandambili moja mguuni, nyingine kaiacha sijui wapi.

"Ndugu wa mzee Nijimbere!" muuguzi aliita mlangoni.

Hakuna aliyesimama. Nyamizi alitazama huku na huku, akimtafuta kwa macho huyo mwenye mzee wake, mpaka muuguzi akaita mara ya tatu, na ndipo akili ikamjia kwamba ni yeye anayeitwa. Walikuwa wameandika "mzee" kwa mazoea tu. Wanaoletwa na ugonjwa huo huwa wazee.

"Ni kiharusi," daktari alimwambia. "Mshipa unaopeleka damu upande wa kushoto wa ubongo umeziba. Ndiyo maana mkono na mguu wa kulia vimelegea, na maneno yamepotea."

"Ana miaka thelathini na tatu," Nyamizi alisema, kana kwamba kuna kosa la jina na likisahihishwa watamrudishia mumewe alivyokuwa.

"Nimeshampokea wa ishirini na sita, dada. Presha haiulizi umri. Mmemleta mapema, hilo ni jambo kubwa. Tutafanya tunachoweza. Lakini sikufichi: siku hizi za mwanzo ni za hatari. Kingine kinaweza kuja."

Maneno matatu. Daktari aliyasema na kwenda kwa mgonjwa mwingine. Nyamizi alibaki nayo, na aliendelea kuwa nayo kwa miezi. Kingine kinaweza kuja. Alikaa kando ya kitanda akihesabu pumzi za mumewe. Tobia akikohoa, moyo ulimlipuka. Akilala sana, alimgusa shingo kutafuta mapigo. Akijigeuza, aliutazama uso wake kuona kama umeporomoka zaidi. Wenzake wodini walimwambia dada, pumzika, utaanguka na wewe. Aliitikia ndiyo, akaendelea kuhesabu.

Siku ya tano, Tobia alizungumza.

Nyamizi alikuwa anamfuta uso aliposikia, "Amazi."

"Maji?" Alikaribia kumwaga beseni. "Mume wangu, umesema maji?"

"Amazi," Tobia alirudia, na macho yakamng'aa. Kisha yakafuata mengine, taratibu, yakikatikakatika, lakini yalikuwa maneno, yalikuwa na mpangilio, na Nyamizi hakuelewa hata moja. Tobia alimtazama akingoja jibu. Alipoona halipati, akasema tena kwa nguvu, halafu akapiga godoro kwa mkono wa kushoto, akageuzia uso ukutani.

Ilikuwa Kirundi.

Nyamizi alijua, kama mtu ajuavyo jambo la kwenye cheti, kwamba wazazi wa Tobia walitoka Burundi na kwamba Ulyankulu alikozaliwa wazee bado wanazungumza Kirundi. Lakini Tobia hakuwahi kukizungumza mbele yake. Yeye mwenyewe ni Mnyamwezi wa Nzega. Walitongozana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, na mambo ya ndani ya wawili waliyaita kwa majina ya Kiswahili waliyoyabuni wenyewe. Sasa mwanamume huyu alikuwa ameamka katika nyumba ambayo Nyamizi hakuwahi kuingia, na mlango umefungwa. Hofu iliyomshika siku hiyo ilizidi ile ya saluni. Pale saluni aliogopa Tobia atakufa. Sasa aliogopa kwamba amepona mtu mwingine.

Mama yake Tobia alifika kesho yake kwa gari la asubuhi kutoka Ulyankulu. Mama Inamahoro alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyepita miaka sitini, rozari imezungushiwa kifundo cha mkono.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Alikwenda moja kwa moja kitandani, akainama sikioni mwa mwanawe.

"Mawe," Tobia alisema. Mama. Na akaanza kulia kwa sauti, kwa ule mdomo uliopinda. Mama akamjibu kwa Kirundi, Tobia naye akajibu, wakaendelea hivyo, huku Nyamizi amesimama miguuni mwa kitanda ameshika kikombe cha uji, kama mgeni aliyekosea chumba.

Baadaye, uani kwenye kamba za kuanikia, Mama Inamahoro alisema alilokuja nalo.

"Wakimruhusu nitakwenda naye nyumbani. Huko watu wanamwelewa. Hapa atakaa kama bubu."

"Mama, na dawa je? Na mazoezi? Daktari amesema presha ipimwe kila mara. Huko zahanati..."

"Zahanati iko."

"Kikija kingine?" Sauti ilimtoka Nyamizi kali kuliko alivyotaka. "Kikija kingine, kutoka huko hadi hapa ni mwendo wa saa ngapi? Mimi nilikuwa hatua kumi na tano tu, mama, na bado ametoka hivi!"

Mama Inamahoro alimtazama. Kisha akaketi juu ya ukingo wa karo, akaanza kuizungusha rozari kifundoni.

"Nilikuwa na miaka kumi tulipokimbia Burundi," alisema. "Nilimbeba mdogo wangu mgongoni mpaka huku. Alikuwa hoi. Niliogopa kumteremsha, nisije nikakuta ameshakufa. Sasa ninapomtazama huyu, ni hivyo hivyo. Nataka nimbebe tu. Nisimweke chini."

Nyamizi akaketi kando yake. Shuka zilipokauka walizianua pamoja. Walikubaliana palepale kwamba Tobia atabaki Tabora karibu na hospitali, na mama atakaa nao hadi atakapoona mwenyewe kwamba anaweza kuondoka.

Walipewa ruhusa baada ya siku kumi na mbili, pamoja na vidonge vya presha na vya kuzuia damu kuganda, na mtu wa kuja nyumbani mara mbili kwa wiki: Advera, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mnene mcheshi asiyekubali kuonewa huruma wala kumwonea mgonjwa huruma.

"Asimame," alisema siku ya kwanza.

"Ataanguka," Nyamizi alisema.

"Nimemshika. Asimame. Na wewe, mke, mikono nyuma. Usimsaidie kabla hajajaribu. Kila unapomfanyia, ubongo wake unasema ahaa, kumbe siitwi kazini. Kifungo cha shati afunge mwenyewe, hata kama ni nusu saa. Akitafuta neno, mwache alitafute. Usimmalizie. Muulize maswali ya ndiyo na hapana. Zima redio unapoongea naye. Na aimbe. Wapo wanaoshindwa kusema lakini wimbo unatoka mzima."

Hilo la wimbo lilikuwa kweli. Mama Inamahoro alianzisha wimbo wa kanisani wa kwao, na Tobia, aliyekuwa hawezi kuomba chumvi kwa Kiswahili, aliufuata ubeti kwa ubeti bila kukwama. Nyamizi alisikilizia jikoni, mwiko mkononi.

Lakini mengine ya Advera hakuyaweza. Advera akishaondoka tu, yeye alikuwa anafunga vifungo. Alimlisha, alimvalisha, alimwosha mgongo na mbele. Alimwekea kigoda kila kona. Aliifunga cherehani na kuihamishia chumbani ili amsikie akipumua. Mbele yake alichangamka kama mtu aliye kwenye sherehe: leo umependeza, leo mkono umenyooka, wiki ijayo utakuwa unacheza mpira. Halafu alikwenda chooni, akafunga mlango, akatafuna upindo wa kanga mpaka pumzi zitulie. Hakutaka amwone anaogopa. Aliamini mgonjwa hapaswi kuona hilo. Na Tobia, ambaye vidole vya mguu wa kulia vilishaanza kucheza na aliyeweza kutembea na fimbo kutoka kitandani hadi mlangoni, alizidi kunyamaza. Hata Kirundi alianza kukiacha. Mama alisema, "Anakula kama mtu anayelipa adhabu."

Mwezi wa tatu wa ugonjwa, siku ya Jumatano baada ya chakula cha mchana, Mama Inamahoro alikwenda kanisani, na Nyamizi akatoka kununua uzi. Hakuchukua robo saa. Aliporudi, kitanda kilikuwa kitupu.

"Tobia?"

Chooni hakuwepo. Uani hakuwepo. Fimbo haikuwepo. Kandambili ya kushoto ilikuwepo. Ya kulia, ile ambayo mguu wake haukuweza kuishika mpaka ifungwe kwa kamba, haikuwepo, na Nyamizi hakuelewa maana yake na hakusubiri kuielewa. Alitoka mbio bila kufunga mlango. Kwenye mtaro wa maji machafu alisimama, akachungulia, akiwa na hakika atamkuta amelala humo kifudifudi. Hakukuta kitu. Aliita jina lake mara mbili. Kingine kimekuja, alijiambia. Kimekuja nikiwa dukani nachagua rangi ya uzi.

Alipofika kwenye barabara yenyewe ndipo alipoona mlango wa saluni umefunguliwa nusu.

Tobia alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo chenye vumbi la miezi, kandambili ya kulia imefungwa kamba ovyo, mguu wa kushoto peku. Shati lilikuwa na damu kifuani. Damu ilitoka shavuni, upande wa kulia, kwenye ngozi isiyomwambia anapojikata. Kwenye mkono wa kushoto alikuwa na wembe. Nusu ya ndevu zake zilikuwa zimeondoka, kwa mistari isiyolingana, na povu la sabuni lilikuwa limemjaa hadi sikioni.

Nyamizi alipiga kelele. Haikuwa neno. Ilikuwa kelele tu, na ilipoanza hakuweza kuizuia; miezi mitatu yote ya kanga iliyotafunwa ilitoka humo. Aliunyakua wembe, akautupa, akamshika mumewe mabega akimtikisa. "Ungekufa! Unataka kufa? Unataka nikukute nimechelewa? Mimi nimechoka kuogopa, Tobia, nimechoka, nimechoka!" Akakaa sakafuni, uso kwenye magoti ya mumewe.

Tobia alimwacha alie. Kisha mkono wa kushoto ukamshika kidevu, ukamwinua. Mdomo ulitafuta, ukakosa, ukatafuta tena. Nyamizi alikuwa na maneno manne tayari ya kumpa, lakini aliyameza.

"Ubwoba," Tobia alisema mwishowe. Akajipiga kifua kwa kiganja. "Jewe... ubwoba."

Hakukuwa na haja ya mama mkwe kutafsiri. Kwa Kinyamwezi cha bibi yake Nyamizi neno hilo lilikuwa karibu lile lile, na kwa Kiswahili halikuwa mbali.

"Woga?" alisema. "Unaogopa?"

"Ego." Ndiyo. Akamnyooshea kidole Nyamizi, akachora tabasamu kubwa la uongo kwenye hewa mbele ya mdomo wake mwenyewe, akatikisa kichwa kwa hasira. "Oya." Hapana. "Wewe... cheka, cheka. Mimi... peke."

Nyamizi alichukua muda kulishika. Kisha likamshika yeye. Wewe unachekacheka, mimi naogopa peke yangu.

"Si peke yako," alisema. "Naogopa mpaka nasikia kutapika. Naogopa ukilala, naogopa ukiamka. Naogopa utarudi wote kwenye lugha ya mama yako, nibaki nje. Nilidhani nikikuonyesha utavunjika moyo."

Tobia alimsikiliza hadi mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile bega lake la kulia, lililokuwa limepanda juu kama la mtu anayesubiri kipigo, lilishuka. Akaelekeza kidevu kwenye wembe uliokuwa chini ya meza.

"Hapana," Nyamizi alisema. "Siwezi kukupa huo." Alifikiri kidogo. "Lakini ukijaribu kwa mashine, naweza kukushikia kioo. Mashine haikati."

Walimaliza kunyoa saa kumi alasiri, wote wameloa jasho. Mama Inamahoro aliporudi kutoka kanisani na kuwakuta, alitazama zile ndevu zilizoachwa visiwa visiwa, akasema jambo kwa Kirundi, na Tobia akacheka kwa sauti. Nyamizi alidai aambiwe. "Nimesema," mama akajibu, "kwamba hata mbuzi angelalamika."

Kuanzia hapo mama alimfundisha Nyamizi Kirundi wakati wa kuchambua mboga, neno moja moja, na Nyamizi akamfundisha Tobia Kiswahili kwa kumwonyesha vitu, kisha kukaa kimya akiuma ulimi ili asimmalizie. Mengine yalirudi, mengine hayakurudi. Tarehe za mwezi zilimpotea kabisa. Majina ya watu yalimkimbia mbele ya watu wenyewe. Mkono wa kulia uliweza kushikilia sahani isiteleze, si zaidi. Kulikuwa na wiki nzuri na kulikuwa na wiki ambazo Tobia alijifunika shuka mpaka kichwani, hataki mazoezi, hataki mtu, na Advera akasema hiyo nayo ni sehemu ya ugonjwa, isemwe kliniki, isifichwe. Wakaisema. Nyamizi alijifunza kupima presha mwenyewe na kuandika kwenye daftari. Mama Inamahoro aliondoka mwezi wa tano, akilia, akisema ataugua kwa mawazo, na akaondoka hata hivyo.

Mwezi wa sita shule moja ya Isikizya iliagiza sare, na ilibidi mtu azipeleke na kupima wanafunzi palepale. Kutwa nzima. Nyamizi aliahirisha mara mbili. Mara ya tatu Tobia mwenyewe alifunga kamba ya mzigo, kwa mkono mmoja na meno.

"Simu mfukoni," Nyamizi alimwambia mlangoni. "Dawa saa mbili, umeshameza. Nikipiga unapokea."

"Napokea."

Gari lilikuwa halijafika mbali aliposhindwa kuvumilia. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika. Ya tatu, ya nne. Aliona sakafu ya chumba, akaona kandambili iliyofungwa kamba, akaona mdomo ukijaribu kusema na hakuna wa kusikia. Ya tano haikupokewa.

"Shusha!" alimwambia dereva. "Nishushe hapa hapa!"

Walimshusha na furushi lake porini, katikati ya miyombo, kisha gari likaondoka na vumbi lake. Alivuka upande wa pili wa barabara kusubiri la kurudi Tabora. Halikuja. Alisimama pale akipiga simu, akimwomba Mungu kwa lugha zote tatu bila kujua, na kila lori lililokuja kwa mbali liligeuka kuwa linaelekea Nzega.

Simu ikalia mkononi mwake. Karibu imdondoke.

"Tobia! Uko wapi? Inua mkono! Tabasamu! Sema jina langu!" Ndivyo Advera alivyomfundisha kupima kama kingine kimekuja.

Pumzi. Kitu kikigongwa.

"Nya-mi-zi," Tobia alisema, pole pole, kwa uzito wa mtu anayevusha maji ndoo kwa ndoo. "Nilikuwa... pale. Pale pa... kukojoa. Simu... ndani ya mfuko wa... huu. Wa kulia. Mkono... haufiki."

Nyamizi aliketi juu ya furushi la sare. Alicheka, na kicheko kikageuka kilio, kikageuka tena kicheko. Suruali zote za Tobia zilikuwa na mfuko wa kulia tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyezishona.

"Nimeshuka kwenye gari," alisema alipoweza. "Niko porini. Nilikuwa narudi. Nilidhani..."

"Najua."

"Nirudi?"

Nyamizi aliyauma meno yake, asimmalizie.

"Genda," Tobia alisema. Kisha akajisahihisha mwenyewe. "Nenda."

"Nikipiga tena usipopokea, je?"

"Utaogopa," alisema. "Halafu nita... nitapiga."

Nyamizi aliifuta simu kwa upindo wa kanga, akaitia kifuani. Moyo ulikuwa bado unakwenda mbio, wala hakujidanganya kwamba utatulia leo. Alijitwika furushi, akavuka barabara kurudi upande wa kwanza. Noa moja ya abiria ilikuwa inakuja kutoka Tabora, imewasha taa mchana kweupe. Alinyoosha mkono.

"Isikizya," alimwambia kondakta. "Nisogezee huo mguu, kaka, nina mzigo."